Sarafu Zisizozaa

Niseme mapema: mimi sarafu sizipendi. Wako watu wanaozikusanya, wakazitia kwenye visanduku vyenye kitambaa laini na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia, na wakikutana wanaelewana kwa neno moja kama watu waliosoma darasa moja. Nawaheshimu. Lakini mimi nikisikia tu sarafu inalia juu ya mbao, miguu inaanza kuniuma. Nilizifuata sarafu za baba yangu kutoka Shinyanga mjini mpaka Didia, na kutoka Didia mpaka Bulyanhulu, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mpunga na mapipa ya dizeli. Niliporudi nilikuwa na uchovu ambao sidhani kama umewahi kunitoka wote.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi ambaye duka lake lilikuwa hatua chache kutoka stesheni ya reli. Ndani viliuzwa vitambaa, nje baba alikata na kushona, na mteja hakuwa na haja ya kutembea juani. Yule mwenye duka alikuwa na ugonjwa wake. Kila jioni, kabla ya kufunga, alimwaga sarafu za siku nzima kwenye kaunta na kuzigeuza moja moja. Nyingi alizirudisha kwenye mtoto wa meza, chache alizitia mfukoni mwa koti. Baba alimwona akifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, tangu enzi za zile senti zenye tundu katikati na jina la mfalme wa Uingereza, mpaka zilipokuja za kwetu wenyewe zenye kichwa cha Rais. Mwishowe naye akaambukizwa.

Mwalimu wake alimfundisha vizuri, siwezi kumlaumu. Siku moja baba alimpelekea senti kumi ya mfalme mmoja aliyekalia kiti cha enzi chini ya mwaka mmoja, kisha akakiacha. Baba alidhani ameokota utajiri, maana mfalme wa miezi michache sarafu zake zitakuwa ngapi? Mwenye duka akacheka, akateremsha kopo kutoka kwenye rafu, akamwonyesha konzi nzima ya senti za mfalme huyo huyo.

"Fundi," akamwambia, "usiulize mfalme alikaa muda gani. Uliza kiwandani walipiga ngapi. Huyu alitawala kidogo, lakini mashine haikulala. Ukishajua zilipigwa ngapi, uliza swali la pili: zimebaki ngapi?"

Baba alituletea maneno hayo nyumbani pamoja na kitoweo, akayarudia jioni ile na jioni nyingine nyingi. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, wa kukoroga ugali na kusikiliza huku nimegeuza mgongo. Ndiyo maana najua kosa lilipotokea. Lile swali la kwanza lilimwingia kichwani likajenga. La pili liliingia sikio hili likatokea lile.

Ilipotimia miaka kumi ya uhuru ikatoka sarafu ya shilingi tano. Sisi shilingi tano tuliyoizoea ni noti, tena noti ya kufungwa kwenye pindo la khanga. Sasa ikaja sarafu pana, nzito, yenye pembe kuzunguka ukingo wake, kichwa cha Rais, na maneno ya kuadhimisha ile miaka kumi. Watu waliipitisha mkono kwa mkono sokoni wakiipima uzito. Mwenye duka alimweleza baba kwamba sarafu za sikukuu hupigwa kwa ajili ya sikukuu hiyo tu, na ikishapita, ule muhuri wa chuma unawekwa kando na hazipigwi tena. Baba alisimamisha cherehani. Nguo ya mtu ilibaki chini ya sindano mpaka mwenyewe alipokuja kuidai.

Usiku huo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani, na kwa kweli haukuisha, ulipumzika tu mara kwa mara kama watu wanavyopumzika kwenye palizi. Kwetu Usukumani mali ni kitu kinachozaa. Mtu akipata hela ya pamba ananunua ndama jike, ndama anakuwa mtamba, mtamba anazaa, na wewe umelala. Mama alizaliwa kwenye boma la ng'ombe na hakuna mtu angemwambia vinginevyo.

"Ng'ombe wangu hata akiwa tasa," alisema, "ananipa kinyesi nikakandika nyumba. Hiyo sarafu yako inakunya nini?"

"Haizai," baba akajibu, "na hiyo ndiyo sababu. Kisichozaa kitapungua. Kikipungua kitatafutwa. Wewe ngoja."

"Nangoja," mama akasema, akaondoka na sufuria.

Baba akaanza kukusanya. Msimu wa pamba wakulima walipokuja mjini na malipo yao, aliwashonea kaptula kwa bei ya kiraka ilimradi walipe kwa sarafu ile. Alibadilishana noti na makondakta wa mabasi, na wauza samaki, na mpaka padri mmoja aliyemletea sadaka azichague. Mji mzima ukajua. Walimcheka, wakamtania kwamba siku moja atazitamia ziangue vifaranga. Ila nikumbuke na hili, kwa sababu kumbe lilikuwa na maana kubwa kuliko nilivyodhani: watu wale wale waliomcheka barazani walirudi kwao wakaificha ya kwao. Mtu akimwona fundi mwenye akili timamu anaacha noti na kukumbatia sarafu, atajiuliza fundi huyu ameambiwa nini na Mhindi.

Kisha wezi wakavunja nyumba ya jirani, wakachukua redio na baiskeli. Baba hakulala. Asubuhi akafanya jambo ambalo nadhani ni Msukuma peke yake angelifanya. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye boma moja. Anawagawa: hawa kwa dada, hawa kwa rafiki, hawa kwa mkwe, ili ugonjwa au wezi wakija upande mmoja, upande mwingine upone. Anayekutunzia ng'ombe hakudai mshahara. Maziwa ni yake, kulima nao ni ruhusa, ila ndama wanaozaliwa ni wa mwenye mali, na siku ya kurudisha anakurudishia kundi na uzao wake. Ndivyo babu alivyofanya, ndivyo mababu wa babu walivyofanya. Baba akazigawa sarafu zake vivyo hivyo. Fungu moja akampelekea dada yake, shangazi yetu wa Didia. Fungu la pili akampa kaka yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa analima upande wa Kahama. Fungu la tatu akalibakiza nyumbani, kila sarafu imefungwa kwenye kipande chake cha kitambaa, zote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mama alilipangusa kopo lile vumbi miaka yote na hakuwahi kulifungua.

Miaka ikaenda. Zikatoka shilingi tano nyingine, za kawaida, za kila siku, ukubwa ule ule, pembe zile zile, kichwa kile kile, ila bila maneno ya sikukuu. Baba alifurahi sana, akasema sasa zile za kwake zinajulikana. Mwenye duka naye, mambo ya biashara yalipokuwa magumu, akahamisha familia yake Dar es Salaam, na baadaye yeye mwenyewe akawafuata. Duka likabaki na kufuli. Baba akahamia barazani kwa mtu mwingine asiyejali sarafu wala fundi.

Kufika miaka ya themanini mwanzoni sote tulikuwa tumechoka. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nimeolewa nimeachika, nimerudi nyumbani na kikohozi cha manyoya ya pamba. Madukani rafu zilikuwa wazi. Ukiona foleni unajipanga kwanza, ndipo unauliza wanagawa nini. Shilingi tano ilikuwa imenyong'onyea, kile ulichonunua nayo zamani sasa ulikisalimia tu. Na baba alikuwa anapoteza macho. Kwanza alishindwa kupitisha uzi kwenye sindano, akawa ananiita mimi. Kisha akaacha kazi. Akikutazama alikuwa anageuza kichwa pembeni kidogo, kama kuku, atafute mahali palipobaki na mwanga.

Sarafu hakuzitaja tena, wala mama hakumsimanga. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo habari ikaja kwamba mwenye duka amerudi mjini. Hakurudi kukaa. Alikuja kukabidhi jengo, alale kwa ndugu zake siku chache, kisha apande treni na asionekane tena. Alimtuma mtu amsalimu fundi wake na kumwambia angependa kumwona.

Baba aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati la kanisani.

"Nenda kanikusanyie kundi langu," akasema.

"Baba, hizo ni shilingi tano tano. Nauli tu itazidi."

"Sitaki kuziuza." Akageuza kichwa chake pembeni anitafute. "Nataka azione zote pamoja. Yule ndiye mtu pekee anayejua. Miaka yote hii nimechekwa, mama yako amenicheka, ninyi watoto mmenicheka, mlidhani sisikii. Nataka aniambie mbele yako kwamba nilikuwa sahihi. Nikishasikia hivyo, basi."

Hasira zilinipanda, nisifiche. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mpaka msimu, nilikuwa nimetamani hizo siku nilale tu, nilale kama gogo. Lakini utamwambia nini mzee kipofu aliyevaa shati la kanisani? Nilichukua khanga mbili na kikapu, nikaenda barabarani kusubiri lori.

Shangazi wa Didia alinipokea kwa vigelegele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mayu, marahaba mama yangu, akanikamatia kuku kabla sijakaa. Nilipomweleza kilichonileta aliinuka kwa heshima, akaingia ndani, akatoka na kibuyu kilichozibwa kwa kitambaa. Akapiga magoti kwenye mkeka na kuzimwaga mbele yangu, akanitazama kwa macho ya mtu anayengoja kusifiwa.

"Kaka yangu alinipa kumi na mbili," akasema. "Hesabu."

Nikahesabu. Zilikuwa kumi na tano.

"Zimezaa!" akapiga makofi.

Nikaigeuza moja, nikaigeuza nyingine. Hakuna hata moja iliyokuwa na maneno ya sikukuu. Zote zilikuwa zile za kila siku, za kununulia mafuta ya taa.

Shangazi hakuona ubaya wowote. Alinieleza bila kuficha, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Mwaka ule wa njaa alizitumia kununua mahindi, kama ambavyo angekunywa maziwa ya ng'ombe wa kaka yake, si ndivyo ilivyo? Alipovuna akarudisha moja moja mpaka zikatimia. Lakini aliona haya. Kundi la kaka limekaa kwake miaka yote hiyo, halafu alirudishe bila hata ndama mmoja? Watu watasema amewaficha ndama. Ndiyo maana alipouza mchele wake akaongeza tatu.

"Nisingemrudishia kaka yangu mali tasa," akasema. "Mwambie."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na kuku alikuwa tayari anachemka. Nikasema, "Wabeja shangazi, asante sana," nikazifunga zote kumi na tano kwenye pindo la khanga. Mtu mwaminifu akikukosea hujui hata pa kushikia hasira yako.

Kutoka hapo nikapanda lori la mpunga mpaka Kahama. Tulipita Buzwagi, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba na vichaka na watoto wa kuchunga, mgodi hata haujaota. Kahama nikaambiwa kaka yangu hayupo tena kwenye jembe, amefuata dhahabu Bulyanhulu pamoja na wenzake. Nikalala chini kwa mama mmoja muuza uji, asubuhi nikapanda lori la dizeli. Mgongo ulikuwa unaniuma, kikohozi kimeamka na vumbi, na njia nzima nilikuwa namsema baba moyoni, namsema na huyo Mhindi wake, nawasema wafalme wote wa Uingereza waliokaa sana na waliokaa kidogo.

Bulyanhulu ilikuwa mahema ya magunia na matundu. Kila tundu waliliita duara, na kila duara lilikuwa na wanaume waliopakazwa vumbi jeupe wakivuta kamba. Kaka yangu alitoka kwenye duara lake nisimtambue mpaka alipocheka. Alinipeleka kwenye hema, akanikalisha juu ya debe, akafukua chini ya mahali alipolaza kichwa.

"Za mzee zipo zote," akasema. "Sikugusa hata moja. Nilihama nazo kila mahali." Akaona haya kidogo. "Ila jana watu wa lori waliponiambia unazifuata akazione Mhindi, nikazipendezesha."

Akazifungua. Ziling'aa hata nikafumba macho. Ziling'aa weupe wa kijiko kipya, weupe ambao hazikuwa nao hata siku zilipotoka benki.

"Umezifanya nini?"

"Nimezipaka zebaki." Yale maji ya chuma waliyotumia kukamatia dhahabu kwenye mchanga. Hapo kila mtu alikuwa nayo kwenye kichupa, wakiipikicha kwa mikono mitupu kama mtu anayefinyanga ugali. "Zimekuwa fedha sasa! Huyo Mhindi ataanguka."

Nilimpigia kelele mpaka watu wa mahema mengine wakachungulia. Nilimwambia kwamba sarafu ya kutunza haisuguliwi, haioshwi, haipakwi hata mafuta, baba alituambia hivyo tukiwa bado nyumbani wote. Nilimwita mjinga. Alisimama mbele yangu, mtu mzima mwenye ndevu, mikono imepasuka pasuka, akasema polepole, "Dada, nilitaka zimpendeze. Haoni vizuri. Nilidhani zikiwaka hivi ataziona."

Nikala naye viazi, nikamshonea tundu la shati, nikaondoka asubuhi. Nilipofika Shinyanga ule weupe ulikuwa umeshakufa, zimekuwa na rangi ya risasi, zina madoa.

Nilimwambia baba yote. Mimi si mtu wa kumpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia za shangazi si zenyewe, na za kaka zimeharibika. Alizipokea mikononi, akazipapasa, akanusa zile za zebaki. Kwa zile kumi na tano alicheka mpaka akakohoa.

"Ameongeza tatu?"

"Tatu, baba."

"Dada yangu huyo," akasema. Hakutaka nizitenge. Alisema ndama hatengwi na kundi siku ya kuonyeshwa. Kisha akaomba lile kopo la nyumbani, akakaa nalo mapajani. "Hizi zipo safi," akasema. "Hizi zinatosha kuuliza swali."

Kesho yake nikamwongoza mpaka dukani, mkono wake begani kwangu. Rafu zilikuwa tupu, kaunta imejaa vumbi, na mwenye duka alikuwa amezeeka, amekonda, amevaa koti lile lile au linalofanana nalo. Wazee wale wawili walishikana mikono wakaiacha imeshikana. Niliwaletea chai kutoka kwa jirani. Walizungumza habari za watoto, za waliokufa, za treni.

Kisha baba akatandika kitambaa juu ya kaunta. Akazipanga kwa kupapasa, mstari kwa mstari, akichelewa sana, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana," akasema, "kundi langu hilo."

Mwenye duka akatoa kile kioo chake kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo, namwona usoni, na macho yangu yalikuwa mazima. Alianza na za shangazi. Nilimwona akiigeuza ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaziruka zilizobaki. Akafika kwenye za zebaki, akaikwangua moja kwa ukucha na kuirudisha taratibu. Akafika kwenye zile za kopo, zenye vitambaa vyake. Hizo zilikuwa nzuri kweli, kama zilivyotoka. Akazitazama kwa muda mfupi tu. Akainua uso akanitazama mimi, na katika kunitazama kule nilielewa yote. Zilipigwa mara moja, ndiyo, wala hazikupigwa tena. Lakini nchi nzima ilifanya alivyofanya baba. Kila nyumba iliweka yake, kwenye kabati, kwenye mto, kwenye kibuyu, kwa sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa ya uhuru. Kitu kinachotunzwa na kila mtu kitaadimika vipi? Pengine zile senti zetu mbovu mbovu, zilizotumika mpaka zikaisha na hakuna aliyezionea huruma, ndizo zitakuja kutafutwa. Mwenye duka alijua hayo. Baba alikuwa amesimama na shati lake la kanisani, kichwa amekigeuza pembeni, anangoja.

Mwenye duka akaweka kioo mfukoni.

"Fundi!" akasema kwa sauti kubwa. "Fundi, mali hii! Mimi nimekaa Dar, nimeona makusanyo ya watu wakubwa, sijaona kama hii. Tazama ukingo huu! Hii ni safi. Na hii. Na hizi zote safi. Ulikuwa sahihi, Fundi. Mimi nilipaswa kufanya kama wewe. Wewe ulikuwa sahihi kabisa."

Nilimpenda yule mtu wakati ule, nasema kweli. Baba akainamisha kichwa, akasema, "Ahsante, Bwana." Walikumbatiana. Mwenye duka akatuomba tuchukue pia mkasi wa kukatia vitambaa aliouona stoo. Mimi nikazikusanya sarafu nikazitia kikapuni, tukatoka.

Tulitembea mpaka tukavuka reli. Mkono wa baba begani kwangu ulikuwa mzito.

"Amesifia sana," akasema.

"Amesifia, baba. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Umesikia alivyosifia?"

"Nimesikia."

Tukaenda kidogo.

"Nimekaa barazani kwake zaidi ya nusu ya maisha yangu," baba akasema. "Nimemsikia akinunua pamba, ngozi, karanga, sarafu, kila kitu. Akikitaka kitu hukiponda. Hii imeoza, hii imetoboka, hii nitaipeleka wapi. Hajawahi hata siku moja kusifia kitu anachokitaka." Akaruka shimo kwa kupapasa kwa mguu. "Leo zote ni safi. Hata za zebaki."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba machozi yalinitoka yenyewe, bila kwikwi, nami sikuyafuta kwa sababu baba hakuyaona.

"Ni mtu mwema," akasema.

Nyumbani mama alikuwa jikoni anachambua mlenda. Baba akasimama mlangoni akaninyang'anya kikapu, akakinyoosha kuelekea mahali aliposikia sauti yake.

"Mama watoto," akasema, "kanunulie chumvi."

Mama aliinua uso. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akakitazama kikapu. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu sarafu ya kwanza, mwanamke yule, na nilijua maneno yote aliyokuwa ameyaweka tayari, kwa kuwa nami niliyasikia tangu usichana wangu. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akakipokea kikapu. Akakipeleka chumbani, nikasikia anazirudisha kwenye kopo, moja moja, bila haraka, na za shangazi na za kaka. Kopo likajaa. Akarudi akakaa kwenye kigoda chake.

"Chumvi ipo," akasema.

Haikuwapo. Hatukuwa na hata punje tangu wiki iliyotangulia. Tulikula ule mlenda hivyo hivyo, na baba aliramba sahani.